Neno na Dawa katika Maradhi ya Vijana

Ujana ni umri wa kupanda na kushuka kwa hali ya moyo. Kwa hiyo maradhi ambayo dalili yake ni kupanda na kushuka hupata maficho mema ndani yake. Kijana akeshaye siku kadha bila kuhisi uchovu, akanena upesi kuliko wasikiaji wanavyoweza kumfuata na akajiona ana uwezo usio mpaka, hudhaniwa kuwa ana kiburi. Miezi michache baadaye, ashindwapo kuondoka kitandani, hudhaniwa kuwa ni mvivu. Dhana hizi mbili zina gharama kubwa. Miaka ipoteayo ndiyo miaka ya masomo na urafiki, na katika kina cha huzuni hiyo wapo wanaojitoa uhai. Maradhi haya leo huitwa baipola, yaani maradhi ya ncha mbili.

Hayakujulikana jana. Mwaka 1854, mjini Paris, Jean-Pierre Falret alieleza wazimu wa mzunguko, ambamo furaha kali na huzuni kuu hupokezana katika mtu mmoja. Mwaka 1899 Emil Kraepelin, tabibu wa Ujerumani, aliyatenga na aina nyingine za wazimu. Baadaye akaandika kwamba mashambulio ya kwanza huwa mengi zaidi kati ya umri wa miaka 15 na 20. Basi ilijulikana kuwa maradhi haya huanza ujanani, lakini kujua si kutibu. Ilipita nusu karne hata mwaka 1949, John Cade wa Australia alipotangaza kwamba chumvi ya lithiamu huwatuliza wagonjwa waliopandwa na uchangamfu uliopindukia.

Lithiamu ilikuwa neema, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa bora za maradhi haya. Walakini ushindi wake ulizaa dhana kwamba ugonjwa wenye asili mwilini hauna haja ya mazungumzo. Dhana hiyo ilikuwa na upungufu, kwa kuwa dawa haifanyi kazi ndani ya chupa. Mwaka 1984 Susan Cochran wa Marekani alitangaza matokeo ya wagonjwa 28 waliokuwa wakitumia lithiamu. Wale waliopewa mazungumzo ya kuchunguza fikira zao juu ya dawa waliidumisha zaidi kuliko wenzao. Hapo neno lilikuwa mtumishi wa dawa tu. Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa bado kuonekana.

Kazi hiyo ilitokana na uchunguzi wa maradhi mengine. Katika miaka ya 1950, mjini London, George Brown alifuatilia wanaume waliotoka hospitali za wagonjwa wa akili, wengi wao wenye skizofrenia. Ilionekana kwamba baadhi ya waliorudi kwa wazazi au wake zao waliugua tena kuliko waliokwenda kukaa kwingine. Si kwamba jamaa waliyaleta maradhi. Bali lawama za daima, uhasama na wasiwasi uliopita kiasi vilimlemea mtu ambaye kidonda chake hakijafunga. Mwaka 1988, huko California, David Miklowitz na wenzake walipima jambo hilo kwa wagonjwa 23 wa baipola, wakaona vivyo hivyo.

Kutokana na hayo Miklowitz na Michael Goldstein walitunga tiba ya jamaa, ambayo hufuatana na dawa wala haichukui nafasi yake. Ina sehemu tatu. Kwanza, mgonjwa na jamaa hufundishwa maradhi ni nini, na dalili zipi hutangulia shambulio, kama vile usingizi kupungua. Pili, hujizoeza kusikilizana na kuombana jambo bila matusi. Tatu, hujifunza kutatua shida moja baada ya moja. Baadaye tiba hii ilirekebishwa kwa ajili ya vijana.

Matokeo yake hayakuwa ya ushindi mtupu. Mwaka 2008, kati ya vijana 58, waliopewa tiba ya jamaa walipona huzuni upesi zaidi. Mwaka 2014, kati ya vijana 145, hawakupona upesi kuliko waliopewa mafundisho mafupi. Mwaka 2020 yakatangazwa matokeo ya vijana 127, wenye umri wa miaka 9 hadi 17, ambao walikuwa na jamaa wenye baipola na wao wenyewe walikwisha onyesha dalili. Hawa nao hawakupona upesi zaidi dalili walizokuja nazo. Lakini kwa waliopata tiba ya jamaa, muda wa kati kabla ya shambulio jipya ulikuwa majuma 81, na kwa wenzao majuma 63.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mwaka 2006, nchini Uingereza, uchunguzi wa Jan Scott juu ya watu wazima 253 haukuonyesha faida ya tiba ya fikira kwa wote kwa jumla, bali ulidokeza kuwa waliopata mashambulio machache zaidi walinufaika. Neno, basi, halishindi maradhi haya, lakini likiwahi huweza kuyachelewesha. Majuma 18 yaweza kuonekana machache katika vitabu vya matabibu. Kwa kijana aliye darasani hayapungui muhula mmoja wa masomo.