Mjumbe wa kamati (Umoja wa Mataifa)

Mjumbe wa kamati ni mwanadiplomasia anayeisemea nchi yake katika mojawapo ya kamati kuu sita za Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York. Kamati ya Kwanza hushughulikia upokonyaji silaha, ya Tano bajeti, ya Sita sheria. Kila nchi kati ya 193 wanachama ina kura moja, na uamuzi hupita kwa wingi wa kawaida wa waliopo na kupiga kura.

Mjumbe hufuata maelekezo ya wizara yake ya mambo ya nje, si maoni yake. Hotuba ndiyo inayoonekana; sehemu kubwa ya kazi hufanyika katika mashauriano yasiyo rasmi, ambako rasimu ya azimio hujadiliwa aya kwa aya na neno moja laweza kukwamisha kikao. Rasimu isipopata muafaka hupigiwa kura, na mjumbe aweza kueleza sababu za kura yake. Nchi iliyoguswa na hotuba ya mwingine ina haki ya kujibu: mara mbili tu kwa ajenda moja katika kikao, dakika 10 kwanza, kisha 5.

Kamati maalumu hufanya kazi kwa namna inayokaribiana. Mfano mashuhuri ni Kamati ya 24, inayofuatilia utekelezaji wa Azimio 1514 la 1960 kuhusu uhuru wa makoloni. Salim Ahmed Salim wa Tanzania aliiongoza katika miaka ya 1970, akiwa mwakilishi wa kudumu wa nchi yake.