Ngika na Gumha: Waganga walioasisi ushindani wa ngoma Usukuma

WASUKUMA huwataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kuwa ndio waasisi wa vyama vyao vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu.

Kwa mujibu wa masimulizi, wawili hao walishindania nani mwenye dawa kali zaidi. Ikaamuliwa wacheze ngoma kwa wakati mmoja katika viwanja jirani, na aliyevuta watazamaji wengi akahesabiwa mshindi. Dawa ya kuvuta watu huitwa samba.

Ushindani huo ungalipo. Hufanyika baada ya mavuno, na mwezi Juni katika sikukuu ya Bulabo, kwenye Makumbusho ya Bujora, Kisesa, si mbali na Buswelu.

Hata hivyo, jina la uganga lilichafuka Kanda ya Ziwa baada ya wapiga ramli kuhusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli hao. Waganga wa mitishamba wanatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, inayowataka wasajiliwe.