Aliyeigwa Atajibia Wapi?

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Kutoka huko Wajerumani na askari wao Waafrika waliteremshwa hadi Kasanga, bandari ambayo utawala wa Kijerumani uliiita Bismarckburg, wakapakiwa kwenye vyombo vya ziwani kwenda Kigoma. Simulizi za vita huishia hapo, kwenye bunduki na mateka. Lakini askari na wapagazi wa pande zote mbili waliotawanyika kurudi makwao miaka ile walibeba kitu ambacho hakuna ofisa aliyekiorodhesha, nacho ni ngoma ya beni.

Beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, wakachukua ngoma kubwa na tarumbeta, wakachukua hatua za gwaride, sare na vyeo, wakajipa wafalme na majenerali wao. Kisha wakavipa vyote kazi nyingine: mashindano ya mitaa, majigambo, mafumbo ya kumchoma mpinzani. Vyama vya Marini na Arinoti vikaenea bara pamoja na makarani na askari. Baada ya vita ngoma hiyo ilijulikana katika Zambia ya leo kwa jina la mbeni, na katika miji ya migodi ya shaba ikachangia kuzaliwa kwa kalela, ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiona Luanshya mwaka 1951 na kuiandikia kitabu kilichotoka 1956. Wachezaji wake walivaa nguo nadhifu za kisasa, wakawa na mfalme wao, daktari wao, na muuguzi mwenye mavazi meupe aliyewapitishia kioo na leso. Gwaride, ambalo jeshi lililitumia kutisha watu, lilikuwa limegeuzwa mchezo na watu wale wale waliokusudiwa kutishwa. Kama tunamtafuta babu wa mimu, yaani zile picha na klipu za mzaha zinazochukuliwa, kubadilishwa maneno na kurushwa upya WhatsApp na TikTok, huyu hapa.

Naanza na beni kwa makusudi. Malalamiko ya leo kwamba intaneti imewapokonya wasanii kazi zao husemwa mara nyingi kana kwamba zamani msanii aliishika kazi yake mkononi. Hakuishika. Nyanda za juu za Ufipa zinatupa mfano wa kazi iliyoshikwa kweli, na si wimbo. Mafundi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakasafisha chuma hicho katika tanuri dogo lenye mivukuto kabla ya kufua majembe. Ujuzi wenyewe ulifungwa kwa dawa, miiko na urithi. Mpita njia aliweza kuliona tanuri, ila hakuweza kwenda kuliwasha kwake. Sisemi kwamba siri ndiyo iliyoiua kazi. Iliuawa na majembe ya kiwandani ya bei rahisi. Ila baada ya kazi kukoma, watafiti waliotaka kuiona ilibidi wawaombe wazee wachache waliobaki waijenge upya mbele ya kamera. Wimbo hauna mlango wa kufungwa hivyo. Ukishaimbwa uwanjani umeshatoka, na kesho mtoto wa jirani anao.

Alichokuwa nacho mtunzi, basi, si uwezo wa kuzuia kuigwa. Alikuwa na uwanja. Manju wa beni aliyeibiwa mahadhi na kundi pinzani, akageuziwa maneno yake yakawa tusi juu yake mwenyewe, alijua nani kamwibia, na alijua siku ya kumjibu. Waliosikia wizi ndio hao hao wangesikia jibu. Utani wa makabila umesimama juu ya msingi huo huo: mtani wako anaweza kukufanyia kituko hata msibani, kwa kuwa zamu yako inakuja na wote waliopo wanaijua. Mzaha wa namna hii unaweza kuwa mkali sana, lakini una anwani. Kilichobadilika na mtandao ni hicho, na ndicho ninachodai kiwe kiini cha mjadala badala ya neno “wizi” ambalo tumelizoea.

Tuchukue kisa cha Uganda. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alitoa filamu ya “Who Killed Captain Alex?”, aliyoitengeneza Wakaliga, kitongoji cha Kampala, kwa fedha kidogo mno. Juu ya filamu hiyo VJ Emmie aliweka sauti yake ya kutania, akiwacheka mashujaa na kuwasifu kwa pumzi moja, kama wafanyavyo maveejay wa Afrika Mashariki juu ya filamu za kigeni. Huo nao ni ugeuzaji, ila ulifanyika ndani ya nyumba na mwenye filamu akiwepo. Kisha mwanzoni mwa 2018 vijana wa mbali, ndani ya mchezo wa mtandaoni uitwao VRChat, wakachanganya misemo na lafudhi waliyodai ni ya filamu za Nabwana na kikatuni chekundu cha kampuni ya Sega kiitwacho Knuckles. Kikatuni hicho mchoraji mmoja alikuwa amekichora upya kwa dhihaka mwaka 2017, na mwingine akakipa umbo la kuvaliwa mchezoni. Wakawa wanawazonga wachezaji wengine kwa makundi, wakiigiza Mganda wa kubuni. Aliyetengeneza umbo lile aliwaomba wasilitumie kusumbua watu, wasimsikie. Hesabu wasanii waliopotezwa njiani: mchoraji, mtengeneza umbo, mwongozaji na veejay. Hakuna uwanja ambapo yeyote kati yao angesimama akajibu mbele ya waliocheka.

Yupo atakayesema mtandao umemletea Nabwana jina, na ni kweli. Mashabiki wa ng'ambo walimchangia fedha kwa njia ya mtandao mwaka 2015. Ila tazama tarehe: walimchangia baada ya kuiona klipu yake ikiwa na jina lake, miaka mitatu kabla ya kikatuni chekundu. Kuigwa huku jina likibaki kunaweza kulisha watu kwa vizazi. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora Dar es Salaam, na mpaka leo wanaoiga mtindo wake huuza picha kwa jina lake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata manju wengi wa beni majina yao hayakuandikwa. Nalikubali. Lakini walisahauliwa baada ya kucheza zamu yao. Wa leo anapotea kabla zamu haijafika.

Wengine watatuelekeza kwa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi wa Tanzania haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Ni sheria nzuri mbele ya mtu anayejulikana jina na makazi. Kwa wenye mawakili, mambo huenda kinyume: kampuni ya Disney ilisajili “Hakuna Matata” Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara kwa nguo, maneno ambayo kila mtu wa pwani anayasema na ambayo Them Mushrooms wa Kenya waliyaimba mwaka 1982.

Uwanja wa zamani haurudi, na haina maana kuwazuia vijana wa Kasanga au Sumbawanga kugeuza wanachokiona. Babu zao waligeuza gwaride la jeshi zima. Lakini klipu nyingi za wachekeshaji na wachoraji wetu huanza safari zikiwa na jina la mwenyewe kwenye kona, na jina hilo hukatwa na mkono wa mtu, si na intaneti. Wewe unayeirusha usiku huu, iache ile kona.