Vikao vya mtandaoni: kwa nini tunagongana tukizungumza

Leo naweka programu kando kidogo. Bila shaka umewahi kuona haya: katikati ya kikao cha mtandaoni watu wawili wanaanza kusema kwa pamoja. Wote wananyamaza. Kila mmoja anamwambia mwenzake "endelea", kisha wanaanza tena kwa pamoja! Wengi husema ni adabu tu imepungua. Mimi nasema ni fizikia, tena yenye historia ndefu kuliko Zoom.

Tuanze na watu walioketi ana kwa ana. Mwaka 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha makala maarufu kuhusu namna watu wanavyopeana zamu katika mazungumzo. Baadaye, mwaka 2009, Tanya Stivers na wenzake wakapima lugha 10 za sehemu mbalimbali duniani. Wastani wa pengo baina ya swali na jibu ulikuwa takriban sekunde 0.2. Huo ni muda mfupi mno, hautoshi hata kupanga sentensi. Maana yake msikilizaji huanza kutayarisha jibu mwenzake akiwa bado anasema, na hutambua mwisho wa zamu kwa sauti inayoshuka, kwa pumzi, kwa macho. Hakuna aliyetufundisha hayo shuleni.

Sasa watenganishe watu hao kwa mamia ya kilomita. Wa kwanza kukutana na tatizo hili kila siku walikuwa watu wa redio. Mwaka 1951 huko Alice Springs, Australia, ilifunguliwa shule ya hewani, yaani watoto wa mashamba ya mbali walisoma kupitia redio za madaktari wa ndege. Huku kwetu AMREF walijenga mtandao wa redio miaka ya 1960 kuunganisha hospitali za mashambani na Nairobi. Redio hizo zilipitisha sauti upande mmoja tu kwa wakati. Ukibonyeza kusema, husikii. Kwa hiyo ikabidi kuwe na sheria: taja unayemwita, jitaje, sema neno lako, malizia na "ova". Aliyewahi kusimama karibu na askari mwenye redio anaijua hiyo "ova". Ni neno dogo, lakini linafanya kazi ya macho, pumzi na sauti inayoshuka, yote kwa pamoja.

Kisha zikaja setilaiti. Early Bird ilirushwa Aprili 1965, na mwaka 1970 Kenya ikapata kituo chake cha ardhini pale Longonot. Sauti sasa ilipita pande zote mbili kwa wakati mmoja, kama simu ya kawaida, basi watu wakaitupa "ova". Hapo ndipo matata yalipoanza. Hebu tupige hesabu. Setilaiti ya aina hiyo hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti hupanda na kushuka, yaani kilomita 72,000 au zaidi, na mawimbi huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Jibu: karibu robo sekunde kufika, na karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Nimeuliza swali, masikio yangu yanategemea jibu baada ya sekunde 0.2. Halipo. Nadhani hukusikia, narudia. Wakati huohuo jibu lako linatua, tunagongana.

Wakati huohuo wahandisi wa Marekani walikuwa wakijaribu kuonyesha sura. AT&T walileta Picturephone kwenye maonyesho ya New York mwaka 1964, wakaanza kuiuza Pittsburgh mwaka 1970 kwa dola 160 kwa mwezi. Haikununuliwa. Aliyenivutia zaidi ni Douglas Engelbart. Tarehe 9 Desemba 1968, akiwa San Francisco mbele ya watu karibu 1,000, aliungana na mwenzake Bill Paxton aliyekuwa Menlo Park, kama kilomita 50 hivi. Sura ya Paxton ilionekana pembeni mwa skrini, lakini kazi yenyewe ilikuwa kwenye maandishi ambayo wote wawili waliyaona, kila mmoja na kielekezi chake. Kwa maoni yangu Engelbart alielewa jambo ambalo AT&T hawakulielewa: sura si lazima, ila kitu cha pamoja cha kunyooshea kidole ni lazima.

Somo jingine lilitoka Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1973 Doug Brown na David Woolley waliandika Talkomatic kwenye mfumo wa PLATO. Kila mtu alikuwa na sehemu yake ya skrini, na herufi zilionekana zikichapwa moja moja. Ulimwona mwenzako akisita, akifuta, akianza upya. Ni kama kumsikia mtu akivuta pumzi kabla ya kusema! IRC ya Jarkko Oikarinen, iliyoanza Finland mwaka 1988, ilituma mstari mzima baada ya kubonyeza kitufe, na ile pumzi ikapotea. Programu za ujumbe zilizofuata zikalazimika kuirudisha kwa taarifa ya "anaandika".

Utauliza, haya yote yananihusu nini? Mwaka 2008 nilikuwa naandika programu kwa kampuni moja ya ng'ambo nikiwa Nairobi. Wakati huo intaneti yetu yote ya kwenda nje ilipita kwa setilaiti. Kila Jumatatu kulikuwa na kikao. Nikiulizwa swali nilijibu mara moja, ila jibu lilifika mwenyekiti akiwa amehamia ajenda nyingine. Mwisho wa mwaka tathmini ikasema mimi ni mtu "asiyechangia". Mkataba haukurefushwa.

Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2014, watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio lililonifanya nisome mara mbili. Walichelewesha sauti kati ya watu waliokuwa wakizungumza. Wasikilizaji hawakulaumu laini. Walimwona mwenzao hayuko makini, si mchangamfu kama inavyofaa. Yaani kasoro ya waya iliandikwa kwenye tabia ya mtu.

Kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009 wengi tulidhani mambo yamekwisha. Kweli safari ya baharini ilifupika sana. Lakini ucheleweshaji umehamia kwingine: kwa WiFi ya nyumbani, kwa simu iliyo mbali na mnara, na kwa programu yenyewe, ambayo hushikilia sauti kidogo ili vipande vilivyochelewa vifike. Pia kichujio cha kelele mara nyingi humeza zile "ehee" na "naam" tunazoitikia. Kwa Mswahili hilo ni pigo, maana msemaji asiyeitikiwa hudhani amechukiza.

Kwa hiyo mimi nimerudi kwenye redio. Sianzi na hoja, naanza na maneno yasiyo na uzito, kwa mfano "Mwenyekiti, nina neno hapo kuhusu bajeti." Kama mwanzo umekatwa, hakuna kilichopotea, na kila mtu amejua naja. Nikimaliza namtaja mtu: "Nimefika hapo, dada Wanjiru unaonaje?" Hiyo ndiyo ova yangu. Nikiuliza swali nahesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kudhani hakuna jibu, na ninapoongoza kikao siruhusu ajenda ifungwe kabla ya hesabu hiyo, hasa kama kuna mwenzetu aliye Lodwar au Garissa kwa laini ya simu. Tarakimu, majina na tarehe nazichapa kwenye ujumbe wa pembeni kabla sijazitamka. Kitufe cha kuinua mkono nakitumia kikao kikipita watu watano hivi. Chini ya hapo kinachelewesha kuliko setilaiti.

Kamera? Laini ikiwa mbaya naizima kwanza. Sura huhitaji data nyingi kuliko sauti, na Picturephone ilishatuonyesha kuwa watu hawakuitaka sana.