Joseph Kabasele na malezi ya wanamuziki chipukizi (1953-1983)

Katika Kiswahili, maneno fundi, funzo, kufundisha na mwanafunzi yanakaribiana kwa umbo na kwa maana. Ukaribu huo unatukumbusha kwamba mjuzi wa kazi hapimwi kwa kile tu alichokitenda kwa mikono yake, bali pia kwa wale waliotoka mikononi mwake. Makala hii fupi inakusudia kulichunguza jambo hilo katika historia ya muziki wa Kongo, kwa kumtazama Joseph Kabasele, aliyejulikana kwa jina la Grand Kallé. Ingawa aliimba hasa kwa Kilingala, mfano wake unawahusu wasanii wa lugha zote za nchi yetu.

Kabasele alizaliwa Matadi mwaka 1930. Mwaka 1953 aliongoza kuundwa kwa African Jazz mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Tuanze na jina lenyewe: okestra hiyo haikubeba jina la mwimbaji wake, ijapokuwa sauti yake ndiyo iliyowavuta watu. Aliingia humo Nicolas Kasanda, mzaliwa wa mwaka 1939, akiwa bado na umri wa kwenda shule. Gitaa la kijana huyo halikufichwa nyuma ya waimbaji. Lilipewa nafasi ya kusema peke yake, na baadaye wapenzi wa muziki katika nchi nyingi za Afrika wakamjua kama Docteur Nico. Pascal Tabu naye, aliyeitwa Rochereau, alianza kwa kumpelekea Kabasele nyimbo alizozitunga, kabla ya kuingia African Jazz mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwimbaji mwenye wivu angezipokea nyimbo na kumwacha mtunzi mlangoni. Kabasele alimpa nafasi ya kuimba kando yake.

Mwezi wa Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokutana na Wabelgiji katika Mkutano wa Meza ya Duara mjini Bruxelles, Kabasele naye alikwenda huko kupiga muziki. Miongoni mwa wanamuziki aliofuatana nao walikuwamo Vicky Longomba na Brazzos, watu wa OK Jazz, okestra iliyoshindana na yake. Mwaka huohuo alianzisha chapa yake ya santuri, Surboum African Jazz, na mwaka 1961 OK Jazz ya Franco ikasafiri hadi Bruxelles kurekodi chini ya chapa hiyo. Katika mji huohuo Kabasele alikutana na Manu Dibango wa Kameruni, ambaye sifa zake zilikuwa hazijaenea bado. Alimshirikisha katika kurekodi, kisha akamleta Léopoldville. Ni mwaka 1972 tu ndipo Dibango alipotoa Soul Makossa na kujulikana ulimwenguni.

Hata hivyo, mwanahistoria hapaswi kumgeuza mtu kuwa malaika. Surboum ilikuwa biashara, na rekodi za washindani zilikuwa bidhaa yake. Tena, mwaka 1963 Nico na Rochereau, pamoja na wenzao kadhaa, walimwacha na kuunda African Fiesta. Malalamiko yalihusu fedha na uongozi. Hapa pana fundisho gumu. Anayemwinua chipukizi hujitayarishia mshindani. Na kumfungulia mtu mlango si sawa na kumlipa haki yake. Ukarimu usiofuatana na hesabu zilizo wazi hauzuii ugomvi. African Jazz haikupata tena nguvu zake za awali.

Je, Kabasele alipata hasara? Tukiihesabu okestra yake peke yake, tutajibu ndiyo. Lakini ufundi uliolelewa African Jazz haukufa pamoja nayo: Nico na Rochereau waliuendeleza, kila mmoja kwa njia yake, nao wakapata wafuasi wao. Kabasele alifariki tarehe 11 Februari 1983. Mwaka huohuo Franco na Rochereau, yaani mshindani wake wa zamani na mwanafunzi aliyemwacha, walirekodi kwa pamoja wimbo wa kumkumbuka. Na mwezi wa Desemba 2021, rumba ya Kongo ilipoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu, kazi ya malezi hayo ilikuwa sehemu ya urithi huo.

Ingefaa watafiti wetu waulize swali hilohilo kuhusu wapiga gitaa wa Katanga walioimba kwa Kiswahili, kama Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo: nani alijifunza kwao, na kwa masharti gani? Swali hilo linatuhusu hata sisi tunaofundisha chuoni. Mwalimu anayeogopa kupitwa na mwanafunzi wake atabaki na cheo, lakini hatakuwa na wa kuiendeleza kazi yake.