Moto, Plau na Nyasi za Kesses

Uwanda wa Uasin Gishu nchini Kenya, Kesses ikiwemo, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua inayoweza kuotesha msitu. Hata hivyo, tume ya Wazayuni iliyofika mwanzoni mwa 1905 kukagua eneo ambalo Uingereza ilikuwa imependekeza mwaka 1903 kwa makazi ya Wayahudi ilikuta sehemu kubwa ni nyasi. Mgeni angeweza kudhani ni ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Lakini mashimo ya Wasirikwa, yaani mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa kwenye miteremko karne nyingi kabla ya hapo, yanashuhudia ufugaji wa muda mrefu. Baada yao walilisha hapa Wamaasai wa Uasin Gishu, hadi vita vya karne ya 19 vilipowatawanya. Mfugaji wa nyanda hizi huchoma nyasi kuukuu kiangazi kikielekea kuisha, ili kupe wafe na machipukizi yapate nafasi. Kwa hiyo ninashikilia kwamba moto haukuuharibu uwanda huu, bali ulishiriki kuutengeneza; kilichoukatia njia ya kujirudia ni kitu kingine.

Tazama nyasi zenyewe. Themeda, yenye masuke mekundu, huficha macho ya kuchipukia chini kabisa ya shina, mahali ambapo moto wa nyasi hupita haraka bila kuyafikia. Mbegu yake ina unywele mrefu uliosokotwa, ambao hujisokotoa ukilowa na kujisokota tena ukikauka, na kwa mizunguko hiyo mbegu hujichimbia ardhini yenyewe. Mvua za Machi na Aprili zikianza, eneo lililokuwa jeusi hugeuka kijani kwa muda wa wiki chache tu.

Atakayepinga atauliza: na misitu je? Hoja hiyo ina uzito. Podo na miti mingine ya kivulini haivumilii moto, na pale ilipoteketea, vizazi vya watu hupita kabla ya msitu kukomaa upya. Mtarakwa una tabia tofauti: miche yake ni nadra chini ya msitu uliofunga, lakini huota vizuri mahali palipofunguliwa na moto, iwapo tu miti mama imebaki karibu, nayo miche inapewa miongo ya kukua. Suala ni muda kati ya moto mmoja na mwingine. Kilimanjaro, ambako moto mkubwa ulizuka tena Oktoba 2020, moto wa mara kwa mara umeusukuma mpaka wa juu wa msitu chini kwa mamia ya mita, kwa sababu miti haikupewa nafasi ya kurudi. Simtetei basi kila anayewasha kiberiti.

Kesses ilipata pigo la aina nyingine. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg waliwasili Uasin Gishu mwaka 1908, na plau ikafanya jambo ambalo moto haukuwahi kufanya: iling'oa mizizi. Themeda ikishalimwa hurudi kwa shida mno, hata shamba likiachwa miaka mingi. Kisha ikaja miwati, mti wa Australia uliopandwa na kampuni ya EATEC kwa ajili ya magome yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Ardhi ya kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, ilikuwa shamba la miwati hiyo. Mbegu zake zina ganda gumu na hukaa udongoni miongo mingi zikisubiri, na joto la moto ndilo hulipasua ganda hilo. Kwa hiyo kiberiti kilekile kilichowapa wafugaji wa kale malisho mapya, leo kikiwashwa palipokuwa na miwati huleta kichaka cha miche ya miwati. Anayetaka nyasi zirudi hapo hana budi kung'oa miche hiyo kila msimu, kabla haijazaa, mpaka akiba ya mbegu iliyo ardhini iishe, na apande nyasi za asili kwa mkono.