Kodi ya jengo na mchango wa darasa: Mwananchi wa Mpapura anapiga kura wapi?

Mkutano wa kijiji ukiitishwa na ajenda ikawa darasa jipya, maswali mawili hayakosekani. La kwanza: si walisema elimu ni bure? La pili: na ile hela tunayokatwa kwenye LUKU inakwenda wapi?

Maswali haya ni ya vijiji vingi nchini. Kwa kata kama Mpapura, iliyo Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, yana uzito wake. Hela ya kaya nyingi huko hutegemea korosho, na korosho inauzwa kwa msimu. Anayeombwa mchango mwezi Mei si sawa na anayeombwa baada ya mnada.

Haya ndiyo mambo ya kujua kuhusu nani anaamua nini.

Je, Mtanzania anapigia kura kodi ya majengo?

Hapana. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, Ohio likiwemo, wakazi hupewa karatasi ya kura na kuamua kama kodi ya nyumba zao iongezwe ili shule za eneo lao zipate fedha. Wakikataa, shule inabana matumizi.

Tanzania haina utaratibu huo. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitatozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria. Viwango vya kodi ya majengo hubadilishwa bungeni kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kura ya mwananchi hapo ni ile anayompa mbunge.

Hela ya LUKU ni ya shule?

Si ya shule moja kwa moja. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda hadi Sh1,500 kwa mwezi, sawa na Sh18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa ilipanda hadi Sh7,500 kwa mwezi.

Fedha hizo hukusanywa kwa niaba ya Serikali Kuu, na sehemu hurudishwa halmashauri. Hakuna kifungu kinachosema Sh1,500 ya mkazi wa Mpapura lazima ijenge darasa Mpapura.

Mawili ya kukumbuka. Mwenye kodi ni mmiliki wa nyumba, hivyo mpangaji anayekatwa ana haki ya kudai arudishiwe au ipunguzwe kwenye pango. Pia mzee wa miaka 60 na kuendelea amesamehewa kodi hiyo kwa nyumba moja anayoishi.

Na ushuru wa korosho?

Huo ni mapato ya halmashauri. Tangu mwaka 2017 kiwango cha juu cha ushuru kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, kutoka asilimia 5 ya awali. Mlipaji ni mnunuzi, si mkulima. Matumizi yake hupangwa kwenye bajeti inayopitishwa na baraza la madiwani. Kwa hiyo anayetaka hela ya korosho ionekane shuleni ana mtu wa kumbana: diwani wa kata yake.

Sasa kura ya mwananchi iko wapi?

Iko kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Mjumbe ni kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwenye mtoto shuleni na asiye naye. Anaongoza mwenyekiti wa kijiji, na mtendaji wa kijiji ndiye anayeandika muhtasari. Kura mara nyingi hupigwa kwa kunyoosha mikono.

Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inaweza kuleta pendekezo la mchango. Haiwezi kukaa peke yake, ikapanga kiasi na kuanza kupita nyumba kwa nyumba.

Mchango wa hiari na sheria ndogo ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huumia.

Mchango wa hiari ni makubaliano. Asiyetoa anashawishiwa tu. Hatozwi faini.

Sheria ndogo ya kijiji ni jambo jingine. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, huitisha mkutano mkuu kupata maoni ya wananchi, kisha hupeleka rasimu halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Bila idhini hiyo haina nguvu. Kwa hiyo mtu akitishiwa faini kwa kutotoa mchango, swali lake liwe fupi: sheria ndogo iko wapi, na iliidhinishwa lini?

Si elimu ni bure?

Ada imefutwa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Kidato cha tano na sita vikaongezwa mwaka wa fedha 2022/23. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na Sh25,000 kwa wa sekondari.

Ruzuku hiyo ni ya uendeshaji, kama chaki, vitabu na ukarabati mdogo. Haijengi darasa. Ada ilipoondoka watoto wakafurika shuleni, madarasa yakabaki yaleyale.

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, na kuagiza mzazi anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Msingi wake ni huu: mwalimu si mkusanyaji, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango.

Kwa nini wananchi bado wanaombwa?

Hesabu ndiyo inayosema. Mwaka 2021/22 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kwa Sh20 milioni kila moja. Tuseme kijiji kina kaya 200 na kila kaya inatoa Sh10,000. Zinapatikana Sh2 milioni, yaani moja ya kumi ya darasa.

Ndiyo maana vijiji vingi huanza kwa nguvu za wananchi: kuchimba msingi, kusomba mchanga na mawe, kupandisha boma. Kuezeka na kumalizia husubiri halmashauri au Serikali Kuu. Miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi imeongeza fedha, lakini haifiki kila kijiji kwa wakati mmoja.

Hatari yake inajulikana: boma linakaa bila paa, mvua mbili tatu zikipita tofali zinaanza kumomonyoka. Hapo hela imepotea na imani imekwenda nayo. Mwaka unaofuata mwenyekiti akiitisha mkutano, watu hawaji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kunyoosha mkono

• Ni mchango wa hiari au ni sheria ndogo?

• Darasa lote litagharimu kiasi gani, na sehemu ya kijiji ni ipi?

• Halmashauri imeahidi kumalizia? Ahadi iko kwa maandishi?

• Wazee, wajane na wasiojiweza wamepangiwaje?

• Anayetoa nguvu kazi anahesabiwa?

• Malipo yatakusanywa lini, kabla ya korosho au baada?

• Risiti inatoka kwa nani, na hela inakaa akaunti gani?

• Mapato na matumizi yatasomwa lini?

Ukikwama uende wapi?

Anza kwa mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata na diwani. Isipotatuliwa, nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri au mkuu wa wilaya. Ukiona dalili za hela kuliwa, TAKUKURU wanapigiwa bure namba 113.

Na mkutano ukiitishwa, nenda. Asiyehudhuria hupangiwa na waliohudhuria, na jina lake litakuwa kwenye orodha ya wachangiaji vilevile.